Vijiko Saba kwa Ndoo Moja

Sefu bin Kombo hakuwa na ugomvi na mbwa, na aliyesema kwamba anawachukia alimsingizia tu. Ugomvi wake ulikuwa na unyevu wa mbwa: pua yake, ulimi wake, na nyayo zake akitoka kwenye majani yenye umande. Mbwa mkavu na apite, aende zake salama. Lakini mbwa aliyelowa akikugusa, una kazi ya kuosha mahali hapo mara saba, na mara moja katika hizo saba iwe kwa udongo, ndipo usimame kuswali. Hivyo ndivyo Sefu alivyofundishwa katika chuo cha Kurani kule Pangani alipokuwa mdogo. Mengi mengine aliyofundishwa huko yalikuwa yamemdondoka njiani kati ya pwani na Mlima Meru, ila hili lilibaki.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akampa kazi katika nyumba ya Mdachi, Mjerumani mwenye mbwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ng'ambo ya mto Themi, karibu na boma la Arusha kiasi kwamba tarumbeta ya askari ilisikika mpaka jikoni. Mwenye nyumba alikuwa mpima ardhi. Kwa kuwa kutwa alionekana akiburuta kamba katika mashamba ya watu, Waarusha walimwita Bwana Kamba, na mwenyewe alidhani ni jina la heshima. Mkewe aliitwa Bibi Hanna, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kifupi lakini kilifika. Na mbwa aliitwa Lumpi.

Lumpi alikuja kwa meli mpaka Tanga, akapanda garimoshi mpaka reli ilipoishia, na kutoka hapo akabebwa kichwani na mpagazi, ndani ya kapu lenye mto wa manyoya. Alikuwa mbwa wa aina ambayo Arusha haijapata kuiona. Kiwiliwili kilikuwa kirefu na miguu mifupi, na tumbo liliikaribia sakafu hata akitembea lilifagia. Lesikar, Mwarusha aliyeleta maziwa kila asubuhi, alipomwona mara ya kwanza aliweka kibuyu chini akamzunguka mara mbili.

"Huyu hajaisha," alisema. "Miguu iliyobaki inakuja lini?"

Bwana Kamba alikuwa barazani. Kiswahili cha kuombwa ruhusa kilikuwa kinampita mbali, lakini cha kuchekwa mbwa wake alikielewa vizuri sana. Aliyaweka maneno yale moyoni.

Na kati ya watu wote wa nyumba ile, Lumpi alimpenda Sefu. Kwa nini, hajui mtu. Sefu akipita na bakuli la supu, pua baridi inamgusa kifundo cha mguu. Sefu anaweka bakuli chini, anatoka hadi mferejini, ananawa mara saba, anarudi, supu imepoa, Bwana Kamba amenuna. Sefu akifuta vumbi, Lumpi anamlamba kisigino. Mferejini tena. Kwa vile Sefu alitembea pekupeku, na sakafu ya mbao ilikuwa na alama za ulimi na nyayo kila mahali, alilazimika kuiosha nayo vivyo hivyo, mara saba kwa maji na mojawapo kwa udongo, mpaka siku Bibi Hanna alipoingia chumba cha kulia akakuta tope.

"Sefu, hii nini?"

"Udongo, Bibi."

"Udongo naona. Kwa nini ndani?"

"Ni wa kusafishia, Bibi."

Bibi Hanna alimtazama kwa huruma ile anayotazamwa nayo mtu aliyepigwa na jua. Kesho yake alimletea chupa kubwa ya kahawia iliyobandikwa picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili. Ndani mlikuwa na dawa nzito, rangi ya matope, ambayo ukiitia majini maji yanageuka meupe kama maziwa, na harufu yake inakupanda puani mpaka machozi yakutoke. Bibi Hanna aliinua kidole kimoja.

"Kijiko kimoja. Ndoo moja. Osha. Halafu maji safi, maji safi, maji safi. Udongo, hapana tena. Ndiyo?"

"Ndiyo, Bibi."

Sefu alikuwa mtu wa kufikiri, na hapo ndipo shida zake zote za maisha zilipoanzia. Alikaa na ile chupa akalitazama lile fuvu, akapiga hesabu. Kama kijiko kimoja kina nguvu ya kuosha mara moja, basi vijiko saba vina nguvu ya kuosha mara saba. Mtu akitia vijiko saba katika ndoo moja, atakuwa ameosha mara saba kwa kuinama mara moja tu. Udongo nao? Dawa yenyewe ni rangi ya matope, na alisikia wanasema Wadachi huipata kwa kuchimba ardhini. Basi udongo umo humo humo. Na hayo maji safi ya baadaye yalimshangaza kabisa. Umwajiri mlinzi, halafu kabla hajakaa umfukuze? Dawa ibaki sakafuni, iendelee kulinda. Mbwa akipita tu, anasafishwa.

Alijipongeza. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, vyumba vyote vitatu vilioshwa kwa vijiko saba na havikusuuzwa hata tone. Blanketi la Lumpi nalo lilichovywa humo. Na kwa kuwa Sefu aliswalia adhuhuri na alasiri katika chumba cha nyuma cha kuwekea vyombo, ambamo Lumpi alipenda kulala, aliuchovya na mkeka wake wa kuswalia.

Wiki tatu zilipita kwa raha. Supu ilifika mezani ikiwa na moshi wake. Sefu alikuwa haendi tena mferejini, na jambo la ajabu lilimtokea: katikati ya paji la uso ilianza kuota alama nyekundu, hasa mahali linapogusa mkeka. Watu wa mtaani kwao, pale nyuma ya maduka ya Wahindi, waliiona mara moja.

"Mashallah, Sefu! Sijida hiyo!"

Sefu aliinamisha macho kama inavyompasa mcha Mungu, na akairudisha kofia nyuma vidole viwili ili wasiokuwa karibu nao waione.

Mkewe Zuleha hakushangilia. Zuleha alikuwa binti wa mwalimu wa chuo, amekulia kwenye mikeka, na hakuwa mtu wa kudanganywa kwa paji la uso.

"Baba yangu aliswali miaka arobaini ndipo akapata sijida," alisema. "Wewe umeipata kwa wiki tatu?"

"Inategemea moyo wa mtu."

"Na baba yangu sijida yake ilikuwa nyeusi. Yako mbona ina malengelenge?"

Sefu alisema wanawake wana wivu, akajikuna nyayo. Nyayo nazo zilikuwa zinamwasha siku nyingi, ngozi ikibanduka katikati ya vidole, lakini hilo alilihesabu kuwa ni funza, maana Arusha nzima ilikuwa na funza.

Basi wakati huo huo Lumpi akaanza kuugua.

Kwanza alijilamba vidole kutwa. Halafu akawa anapiga chafya, macho yanamtiririka, anatembea kama aliyekanyaga majivu ya moto. Tumboni manyoya yalimtoka, ngozi ikawa nyekundu. Bibi Hanna alilia kwa ile sauti yake ndogo, akamfumia soksi nne za sufu. Lumpi akala mbili. Bwana Kamba, ambaye kwake kitu kisichopimwa hakipo, kila asubuhi alimlaza mbwa chali akaupima ule wekundu kwa utepe, akauandika katika daftari lake la mashamba. Jumatatu ulikuwa vidole vinne kwa upana. Mbwa mwenyewe alikuwa haingii ndani tena. Akiitwa, aliweka mguu mmoja kizingitini, akaunusa ubao, akaurudisha mguu wake akaenda kulala kwenye majani. Alikuwa anawaambia wazi wazi, maskini, ila hakuna aliyemwelewa.

"Sumu," alisema Bwana Kamba.

Aliita watu wote uani. Mbwa wa nyumba hii, alisema, anakula chakula cha mezani na kunywa maziwa. Chakula cha mezani tunakula sote, na sote wazima. Maziwa analeta nani? Nani alimcheka Lumpi siku ya kwanza? Wote walimtazama Lesikar, aliyekuwa amesimama na kibuyu chake mkononi. Bwana Kamba akaingia ndani, akaandika barua dirishani mbele ya macho yao, akaacha pengo moja tu: mahali pa jina.

"Jumamosi natia jina," alisema, akaiweka barua mezani chini ya chupa ya wino.

Barua za namna hiyo kila mtu alizijua. Ukiandikiwa, unaibeba mwenyewe mpaka boma, unampa askari kwa adabu zote, unalazwa kifudifudi. Ndani yake mliandikwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na vilihesabiwa kwa sauti ili kisipungue hata kimoja.

Kitu cha kwanza alichohisi Sefu kilikuwa furaha. Tusimfichie. Ilimjaa kifuani, kwamba jina lile litakalotiwa si lake. Kitu cha pili kilikuwa aibu, lakini hiyo ilikuja ikichechemea.

Kesho yake Lesikar alikuja na maziwa kama kawaida. Sefu alimstaajabia.

"Wewe hukukimbia?"

"Nikikimbia nimesema ndiyo," alijibu Lesikar. "Halafu boma watakuja kuchukua ng'ombe wangu. Ng'ombe hawawezi kukimbia haraka, na mimi siwezi kuacha wao." Aliweka kibuyu chini. "Bwana yuko?"

"Yuko Moshono, anapima."

"Basi lete huyo mbwa niangalie. Mimi nimefuga mbwa kabla sijaota ndevu."

Lesikar alichuchumaa majanini, na Lumpi, aliyekuwa anamngurumia kila mtu siku zile, alijilaza chali mwenyewe. Mwarusha yule alimkagua taratibu. Tumbo lilikuwa jekundu katikati, kidevu chekundu, katikati ya vidole kumechubuka. Mgongo ulikuwa mzima kabisa. Masikio mazima.

"Sumu ya kula inaanzia ndani," alisema. "Hii imeanzia nje, tena chini peke yake. Mbwa huyu anachomwa na kitu anakanyaga. Kitu analalia." Akainua macho, na alipoyainua yakakutana na uso wa Sefu, aliyekuwa amesimama mbali kidogo, kofia nyuma vidole viwili. Akainuka. "Ero, Sefu. Njoo kwenye mwanga."

"Cha nini?"

"Hicho cha usoni kinawasha?"

"Hii ni sijida. Ni alama ya swala. Wewe hutaijua."

"Kinawasha?"

Sefu aliivuta kofia mbele.

"Onyesha nyayo."

Sefu alikataa. Akakataa tena. Mara ya tatu, kwa sababu nyayo zenyewe zilikuwa zinamwasha hata wakati ule, aliinua mguu mmoja. Lesikar aliutazama, akamtazama mbwa, akautazama tena.

"Wewe na mbwa mna ugonjwa mmoja," alisema.

"Lesikar! Unanifananisha mimi na mbwa?"

"Sikufananishi. Mbwa alikuwa na manyoya ya kumsaidia." Lesikar alisema hivyo bila kucheka, na hilo ndilo lililomuuma Sefu zaidi. "Nyinyi wawili mnalala wapi pamoja?"

"Astaghfirullah!"

"Basi mnakanyaga wapi pamoja? Bwana ana viatu. Bibi ana viatu. Mimi siingii ndani. Ni wewe na yeye tu, miguu mitupu."

Sefu aligeuka akautazama mlango wa nyumba. Ile harufu ya dawa, aliyoizoea mpaka akawa haisikii, ilimrudia puani yote kwa pamoja. Aliyaona yale maji meupe ndooni, na kijiko kikipanda na kushuka mara saba. Aliketi chini majanini palepale, karibu na mbwa, na wala hakuangalia kama mbwa amelowa.

Alipofika nyumbani jioni alimweleza Zuleha kila kitu, akitazama ukutani. Zuleha alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Vijiko saba," alisema.

"Saba."

"Katika ndoo moja."

"Moja."

"Na hukusuuza."

"Nilidhani mlinzi..."

"Sefu bin Kombo, saba ni maji! Saba si vijiko! Watu wanamwaga maji mara saba ili kitu kiondoke, wewe umekuta kitu kikali ukakiacha kikae! Marehemu baba angekuchapa kwa ubao wa kuandikia." Alishika kiuno, akamtazama paji la uso, na mabega yakaanza kumtetemeka. "Na watu wakakupa hongera. Mashallah, Sefu. Mashallah!" Alicheka mpaka akakaa. Kisha akajifuta machozi. "Na yule mtu wa maziwa?"

"Mbwa akipona, barua itachanwa."

"Amesema nani?"

"Hakuna mgonjwa, hakuna kosa. Nitaosha sakafu yote. Mbwa atapona, yataisha kimya kimya."

"Na yasipoisha kimya kimya?"

Sefu alivua kofia, akaiangalia ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo.

Alfajiri ya Jumatano Zuleha alimchekechea udongo mzuri wa kando ya mto, akaufunga katika kitambaa. Bibi Hanna alikuwa na bustani yake ya viazi, na kila asubuhi alishinda huko mpaka jua lipande. Huo ndio wakati Sefu alioupata. Aliingia vyumba vitatu akiwa na ndoo na kitambaa chake. Udongo kwanza, akausugua katika kila mwanya wa mbao, akaufuta, akauondoa. Halafu maji safi mara sita, na kila mara akamwaga ya zamani akateka mapya. Maji ya kwanza yaliyotoka yalikuwa bado yanageuka meupe. Ya nne yalikuwa na harufu kidogo. Ya sita yalitoka yakiwa maji tu. Mkeka aliulaza mferejini kutwa nzima umepigiliwa mawe, na blanketi la Lumpi kando yake.

Ikabaki kumwosha mbwa mwenyewe, maana dawa ilikuwa imemwingia hadi katikati ya vidole.

"Wewe mshike," Sefu alimwambia Lesikar.

"Mimi? Bwana atokee anikute nimeshika mbwa wake? Hapana rafiki yangu. Mshike mwenyewe."

Sefu alivuta pumzi, akasema bismillahi, akamshika Lumpi kwa mikono miwili akamtia katika karai. Mbwa aliyelowa tepetepe! Lumpi alilamba mkono wake wa kulia, akalamba wa kushoto, akapanda akamlamba kidevu, na Sefu akaendelea kumwagia maji, vidole kimoja kimoja, tumbo polepole, akisema naye kwa sauti ya chini maneno ambayo baadaye aliyakana. Lesikar alileta mafuta ya kondoo kwenye pembe, yakapakwa nyayoni na tumboni.

"Akilamba je?" aliuliza Sefu.

"Akilamba ni chakula. Ile yenu yenye picha ya mtu aliyekufa ndiyo si chakula." Lesikar akamsogezea ile pembe. "Paka na wewe."

Siku ile Sefu alinawa mara nyingi kuliko alivyonawa mwaka mzima uliotangulia. Alhamisi vilevile. Ijumaa asubuhi Lumpi alikuja kizingitini, akaweka mguu mmoja, akaunusa ubao, akaweka na wa pili. Halafu akaingia moja kwa moja hadi kwenye blanketi lake akalala usingizi wa mkoromo. Bwana Kamba akapima: vidole viwili. Sefu alifuta vumbi mezani kuizunguka ile barua, kama alivyofanya kila siku ya juma lile. Yameisha, alijiambia.

Jumamosi asubuhi Bwana Kamba aliwaita wote chumba cha kulia, Lesikar akasimama mlangoni. Alikuwa na daftari mkononi na uso wa mtu aliyepata jawabu.

"Jumatatu, nne. Jumanne, nne. Ijumaa, mbili. Leo moja na nusu," alisoma. "Mbwa napona. Kwa nini napona? Mimi nimesema barua, mtu wa sumu naogopa, naacha sumu. Kama hakuna mtu wa sumu, mbwa asingepona." Alichovya kalamu katika wino. "Lesikar."

Lesikar aliweka kibuyu chake chini, taratibu, akakiegemeza ukutani kisianguke, kwa namna mtu anavyoweka kitu atakachokuta baadaye. Sefu alikiona kile kibuyu. Alijaribu kuangalia kwingine, na kila alipoangalia palikuwa na kibuyu.

"Bwana," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Kalamu uiweke kwanza."

Alikwenda chumba cha nyuma, akarudi na chupa ya fuvu, ndoo na kijiko. Akajaza ndoo maji. Mbele yao wote akatia kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipofika cha nne Bibi Hanna alishika shavu. Cha saba kilipoingia, harufu iliwatoa wote machozi, na Lumpi akakimbilia nyuma ya mlango.

"Saba?" alisema Bibi Hanna.

"Saba, Bibi. Kila siku."

"Na maji safi?"

"Sikuyatia."

"Kwa nini, Sefu?"

Angewezaje kueleza? Chuo cha Pangani, unyevu wa pua, hesabu ya saba, mlinzi asiyefukuzwa. Kiswahili cha Bibi Hanna kisingeenea mambo yote hayo. Alivua kofia akawaonyesha paji la uso. Kisha, ili waelewe limetoka wapi, alipiga magoti akainama mpaka sakafuni kama anavyoswali. Akiwa pale chini alisikia kucha ndogo zikigonga ubao, tik tik tik, zikija. Lumpi alikuwa ametoka nyuma ya mlango kumwangalia rafiki yake amepatwa na nini. Akamlamba lile paji la uso, mara moja, mara mbili, kwa bidii, kama anavyolamba vidole vyake mwenyewe. Sefu hakujitoa. Alikaa vilevile, macho ameyafumba, anangoja hukumu, na ulimi wa mbwa ulikuwa wa baridi na ulimtuliza, Mungu amsamehe.

Hakuna aliyecheka isipokuwa Lesikar, naye kwa pua tu.

"Sheria ni sheria," alisema Bwana Kamba hatimaye, akaandika katika lile pengo. Sefu hakujua kusoma, lakini alijua kwamba jina lile limekuwa lake. "Ishirini na tano. Namba haibadiliki."

Bibi Hanna alinyoosha mkono akaichukua kalamu vidoleni mwa mumewe, bila haraka.

"Namba haibadiliki," alikubali. "Vyumba vitatu. Kila chumba, maji mara saba. Ngapi?"

Bwana Kamba hakuweza kuiacha hesabu ipite. "Ishirini na moja."

"Zinabaki nne. Lumpi miguu mingapi?"

Bwana Kamba alitazama mbwa. Alihesabu, wote walimwona akihesabu. Bibi Hanna akapiga mstari juu ya neno moja katika barua, akaandika jingine juu yake, na kumweleza Sefu: lilikuwa viboko, sasa ni ndoo. Ndoo ishirini na tano za maji safi, kila Jumamosi, muda wote atakaokuwa katika nyumba hii. Na chupa ya fuvu aliifungia kabatini akatia ufunguo mfukoni.

"Na tumbo je?" aliuliza Lesikar kutoka mlangoni. "Tumbo halina ndoo?"

"Wewe nyamaza," alisema Bwana Kamba, lakini alikuwa amegeukia dirisha na mabega yake hayakutulia.

Uani Sefu alimfuata Lesikar aliyekuwa anaokota kibuyu chake. Tangu afike Arusha, Sefu alikuwa hajapata kumwamkia mtu wa huku. Aliona yeye ni mwungwana wa pwani na wao ndio wa kumwamkia. Alisimama mbele ya yule mtu aliyemzidi miaka michache na akili nyingi.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," alisema Lesikar, akamtazama paji la uso. "Rudi upake mafuta. Mwenzako ameshakushinda kupona."

Barua ile Bibi Hanna aliipigilia ukutani katika chumba cha nyuma, juu ya ndoo. Kila Jumamosi Sefu aliteka maji mferejini, akasuuza vyumba vitatu mara saba saba, na mwisho akaketi chini na karai, Lumpi akampa miguu yake mmoja mmoja bila kuombwa. Baadaye Sefu alijinawia mara saba, na udongo wake alioruhusiwa uani, na hakulalamika tena.

Lakini boma lilikuwa karibu, na Jumamosi ilikuwa pia siku ya barua za watu wengine. Zilipoanza kusikika hesabu kutoka kule, wahed, thenini, Sefu aliacha kumimina. Aliinua macho ukutani, pale lilipokuwa jina lake, na juu ya lile neno la kwanza palikuwa na mstari wa wino, mwembamba, wa mkono mmoja wa mwanamke. Alingoja mpaka hesabu ifike hamsa ishirini, mguu wa mbwa ukiwa umetulia kiganjani mwake. Kisha alimalizia ndoo.